Kuchoma Mkaa wa Vifuu kwa Pipa Moja: Mwongozo Kamili wa Nyumbani

Wanaonijia na malalamiko ya mkaa wa vifuu, yaani mkaa wa magamba magumu ya nazi, huwa na visa vitatu tu. Wa kwanza kafungua pipa lake asubuhi akakuta jivu na vipande viwili vitatu. Wa pili kapata mkaa, lakini akiutia kwenye seredani, jiko la mkaa, unafuka mpaka wali unanuka moshi. Wa tatu kapata mkaa mzuri kabisa, akautia kwenye polo, yaani gunia, na usiku polo likashika moto lenyewe.

Makosa yao yanaonekana matatu, kumbe ni moja: hewa. Wa kwanza aliiachia hewa kupita kiasi. Wa pili aliiziba kabla ya wakati. Wa tatu aliirudisha na huku moto ungali mzima ndani. Ukiishika habari ya hewa, kazi hii utaiweza.

Nitaeleza kama ninavyofanya nyumbani, huku Wete, Pemba, kwa pipa moja na bila mashine. Kuchoma na kupoza ni siku tatu, ukiacha siku za kuanika. Unguja mambo ni yale yale. Soma mpaka mwisho kabla hujawasha kibiriti, kwa sababu hatua ya kuziba haikusubiri urudi kusoma.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pipa la chuma la lita 200, lenye mfuniko wake. Mfuniko ukipotea, bati nene lililo pana kuliko mdomo wa pipa linatosha.
- Vifuu vikavu vya nazi zilizokomaa. Pipa langu likijazwa vizuri humeza kilo 80 hadi 100. Mara ya kwanza anza na nusu yake.
- Makumbi makavu machache (maganda ya nje ya nazi) na usumba (nyuzi zake) wa kuwashia.
- Matofali matatu au mawe matatu yaliyolingana urefu.
- Mchanga ndoo nne, na udongo mwekundu uliokandwa na maji ndoo moja. Udongo huu uwe tayari kabla ya moto. Wengi huanza kuukanda wakati moshi umeshabadilika, na hapo ndipo mkaa unapogeuka jivu.
- Pauro (sepetu), mti mbichi mrefu wa kuchokolea, na ndoo mbili za maji zikae karibu muda wote.
- Viatu vya kufunika mguu mzima na glavu nene. Ndara hazifai, cheche ikidondoka utaikanyaga.
- Mizani, hata ile ya kuning'iniza. Mizani ndiyo itakayokwambia ulipokosea.

Ukitaka kutengeneza na tofali za mkaa kutokana na chenga, yaani mkaa uliovunjika vunjika, ongeza unga wa muhogo, kinu kikuukuu kisichotumika tena kwa chakula, chekeche, na kipande cha bomba la plastiki la maji chenye upana wa sentimita 5 hivi.

## Hatua ya 1: Pata pipa lisilo na sumu

Muulize muuzaji lilibeba nini, kisha usimwamini mpaka umenusa mwenyewe. Pipa lililobeba dawa za mashamba, rangi au kemikali za viwandani liache hapo hapo. Lililobeba mafuta ya kula au oili linafaa.

Pipa langu la kwanza niliuziwa kwa maneno kwamba lilikuwa la mafuta ya kupikia. Nilipolitia maji ya moto na sabuni, ikapanda harufu kali ya dawa ikanikaba koo. Sikulichomea hata siku moja. Pesa zilikwenda, lakini mkaa ule ungepikiwa chakula cha watoto.

Onyo kubwa: pipa lisilo na mdomo wazi hukatwa juu, lakini pipa tupu la mafuta lisikatwe kwa mashine wala kwa moto wa kuchomelea. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kuripuka na kumuua fundi. Fungua kizibo, lijaze maji mpaka chini kidogo ya pale panapokatwa, kisha kata kwa tindo na nyundo. Kazi ni ndefu, lakini ndiyo salama.

Likishakatwa, choma makuti ndani yake mpaka rangi ya nje na ya ndani ibabuke yote. Moshi wa rangi ni mbaya, kaa upande unaotoka upepo. Acha lipoe, lisugue kwa mchanga. Sasa ni pipa la kazi.

## Hatua ya 2: Toboa matundu ya chini

Pindua pipa, toboa matundu matano kwenye kitako: moja katikati, manne kulizunguka. Kila tundu liwe na upana wa sentimita 2.5 hadi 3, yaani liingie kidole gumba bila kubana.

Matundu yakiwa machache, moto wa chini hukosa pumzi na vifuu vya chini hubaki vibichi. Yakizidi, siku ya kuziba huyawezi. Ubavuni usitoboe kitu. Wako wanaotoboa safu tatu za ubavuni na kuziziba moja baada ya moja, na njia hiyo inafanya kazi kwa mzoefu. Kwa anayeanza, kila tundu la ubavuni ni mlango mwingine wa kulinda.

## Hatua ya 3: Kusanya vifuu, visafishe, vianike

Vifuu vipo kila panapokunwa nazi. Zungumza na mama anayepika chakula cha kuuza, na wanaotengeneza mbata (nazi ya kukaushwa), na watu wa shughuli. Mwezi wa Ramadhani nyumba zinakuna nazi kila siku kwa futari, na vifuu vinatupwa majaani. Mpe kila nyumba polo tupu na umwambie siku utakayolifuata. Usipomwambia siku, vitarudi jaani.

Chukua vya nazi kavu tu. Kifuu cha dafu ni chembamba na laini, hakijakomaa, kikiingia motoni kinaishia jivu wakati wenzake bado wanaiva. Vya ufukweni vilivyokaa kwenye maji ya bahari viache pia, kwa sababu chumvi inakula chuma cha pipa na cha seredani, na moshi wake si wa kupikia.

Ng'oa usumba wote uliogandia nje. Usumba huwaka upesi, hula hewa na hugeuka jivu linaloziba matundu. Kwangua na nazi iliyobaki ndani, maana mafuta yake hufuka sana, na kabla ya hapo yatakuitia panya.

Kisha vunja kila kifuu vipande vitatu au vinne. Watu wanaipuuza hii, na mimi naiona ni nusu ya kazi. Vifuu vizima hupandana kama bakuli kabatini: hewa haipiti katikati, vya nje vinaungua na vya ndani vinabaki na rangi ya kahawia. Vipande vikilala ovyo, moto hupenya kila mahali.

Anika juani siku tatu hadi tano juu ya bati au sakafu ya saruji, uvigeuze kila siku, na jioni uvifunike kwa sababu ya umande. Kaskazi ndio msimu wenyewe, na kipupwe pia kinafaa. Wakati wa masika usijisumbue kuchoma; kusanya na uhifadhi chini ya paa, vianikwe mvua zikikatika.

Utajuaje vimekauka? Pima polo moja leo, lipime tena kesho jioni baada ya jua. Uzito ukiwa ule ule, maji yamekwisha. Bila mizani, vunja kipande kwa mikono: kikavu hukatika mara moja kwa mlio mkali, kibichi hupinda kidogo kwanza.

## Hatua ya 4: Mahali na saa

Weka pipa mbali na nyumba, mbali na paa la makuti, hatua thelathini au zaidi. Fyeka majani makavu yaliyo karibu, na tazama juu: tawi la mwembe likining'inia juu ya pipa litaungua. Kama ni msimu wa karafuu na jirani kaanika, nenda upande ambao moshi hautaelekea majamvi yake. Karafuu ni jasho la mwaka mzima, usimtie moshi.

Mwambie jirani, na mwambie sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Moshi wa saa mbili tatu huwatia watu hofu, na mwenye pumu anahitaji kujua mapema ili siku hiyo akae mbali.

Anza saa 12 na nusu asubuhi au saa 1, kabla upepo wa baharini haujainuka. Upepo ukivuma kwa nguvu unaingiza hewa nyingi upande mmoja wa pipa. Utaona vifuu vya upande huo vinaota jivu na vya upande wa pili bado vyeusi.

## Hatua ya 5: Washa, kisha jaza kidogo kidogo

Simamisha pipa juu ya matofali matatu ili pabaki uwazi wa sentimita 10 chini ya kitako. Hiyo ndiyo njia ya hewa.

Tia usumba na makumbi makavu ndani, washa kwa karatasi au ukuti. Mafuta ya taa usiyatumie, harufu yake inabaki kwenye mkaa na kwenye wali. Moto ukishika, zungushia vipande vya vifuu kiasi cha ndoo moja. Subiri. Vinapowaka vyote kwa ndimi za moto ndefu, ongeza mpaka robo ya pipa.

Kuanzia hapo usifuate saa, fuata unachokiona. Tazama vipande vya juu. Vikishika moto na kingo zake zikaanza kuota utando mwembamba wa jivu jeupe, hapo ongeza tabaka jingine la kina cha shubiri moja. Tabaka jipya huziba hewa isifike kwenye la chini, la chini linaacha kuungua na kuendelea kuiva kwa joto tu.

Kumwaga polo zima mara moja ndilo kosa la wenye haraka. Moto unazibwa pumzi, unatoka moshi mzito wa manjano kwa saa nzima, na chini hapaivi sawasawa. Kukawia nako ni kosa: jivu likiwa nene, mkaa umeshaanza kuliwa.

Chokoa kwa mti mara moja moja ili vipande vishuke, maana vinaponyauka huacha mapango ndani. Usichokoe kama unakoroga uji, utavunja mkaa uliokwisha kuiva. Kujaza pipa zima huchukua saa 2 hadi 3. Muda wote simama upande unaotoka upepo, wala usiiname juu ya mdomo wa pipa. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wasiwepo kabisa.

## Hatua ya 6: Soma moshi, kisha ziba

Moshi ndio utakaokwambia kinachotokea ndani, nawe hukioni.

Ndani ya kifuu mna maji, mna lami na gesi, na mna kaboni. Moto huyatoa kwa zamu. Yanaanza maji: moshi huwa mweupe, mzito, unapanda kama mvuke wa sufuria. Inafuata lami: moshi hugeuka wa manjano au kijivu, unawasha macho na una harufu kali. Lami ikiisha, moshi unakuwa mwembamba, wa samawati, karibu hauonekani, na juu ya pipa hewa inatetemeka kwa joto. Hapo kilichobaki ni kaboni, na sasa kaboni yenyewe ndiyo inayoanza kuungua. Kila dakika unayochelewa unapoteza mkaa.

Ukiwa na shaka, chukua pauro baridi, lipitishe kwenye moshi kwa kuhesabu mpaka tano, ukiwa umenyoosha mkono na uso umeugeuza. Likitoka na matone ya maji, bado. Likitoka na utando wa kahawia unaonata, bado kidogo. Likitoka kavu, ziba.

Mpangilio wa kuziba ni huu:

1. Anza chini. Rundika mchanga kuzunguka kitako mpaka uwazi wote kati ya matofali upotee, kisha ushindilie kwa pauro. Ukianza na juu, moto na gesi vitatafuta njia ya chini, kwenye miguu yako.

2. Weka mfuniko, lakini acha upenyo wa kidole kimoja upande mmoja. Gesi iliyobaki itatoka hapo. Ngoja dakika 10 hadi 15.

3. Moshi wa kwenye upenyo ukipungua, sukuma mfuniko ukae sawa na kandika udongo mwekundu pande zote. Weka jiwe juu.

4. Zunguka pipa polepole. Popote unapoona uzi wa moshi, hata mwembamba kama wa ubani, pandika udongo. Udongo ukikauka kwa joto hupasuka, kwa hiyo rudi baada ya nusu saa, na tena baada ya saa moja.

Utajuaje umeziba sawasawa? Baada ya saa moja hakuna moshi unaotoka popote, na ubavu wa pipa unaanza kupoa kutoka juu. Kama baada ya saa mbili chuma cha chini bado ni chekundu au kinaunguza zaidi ya mwanzo, hewa inaingia kwenye mchanga. Ongeza.

Pipa likiwa la moto usilifungue kuchungulia. Hewa ikiingia ghafla gesi ya ndani hulipuka kwa ulimi wa moto usoni kwako.

## Hatua ya 7: Lipoe, fungua, na uulaze nje

Acha saa 24. Sisemi mpaka lipoe, nasema saa 24, na nina sababu.

Mwaka wangu wa kwanza nilifungua baada ya saa nane tu za kupoa. Juu mkaa ulikuwa baridi, niliushika kwa mkono mtupu. Nikajaza polo mbili nikaziegemeza barazani. Baada ya sala ya Isha mtoto wa jirani alikuja mbio: "Ami! Polo lako linafuka!" Tulipolimwaga uani, katikati mlikuwa na kipande kisichozidi kidole gumba, chekundu kama jicho, na vilivyokizunguka vimeshashika. Jamvi la barazani liliungua nusu. Tungekuwa tumelala, ingekuwa habari nyingine.

Mkaa mpya una hatari ya pili: ukikutana na hewa kwa mara ya kwanza huivuta na kupata joto wenyewe, na ukirundikwa joto hilo halina pa kutokea. Kwa hiyo ukifungua, mwaga mkaa juu ya mchanga au bati, uutandaze tabaka nyembamba, nje, mbali na nyumba, maji yakiwa karibu. Ulale hapo siku moja zaidi. Ndipo utie kwenye polo.

Sasa chukua kipande kimoja ukitazame. Mkaa wa kifuu ulioiva ni mweusi ti, na ukiuvunja pale palipovunjika panang'aa kama kioo. Udondoshe juu ya saruji: hulia kama kigae. Kisicholia, au chenye rangi ya kahawia ndani, hakijaiva. Kiweke pembeni, kirudi pipani mara nyingine.

Kisha pima. Kilo 4 za vifuu vikavu hunipa kilo 1 ya mkaa, na siku njema kilo 3 na nusu zinatosha. Ukipata chini ya kilo 20 kwa kila kilo 100, umechelewa kuziba au hewa ilipenya usiku. Ukipata zaidi ya kilo 35, usifurahi: umeziba mapema, lami bado imo, na mpishi ataisikia machoni.

## Hatua ya 8: Chenga ziwe tofali

Chini ya pipa hubaki chenga na vumbi. Pepeta uondoe jivu, maana jivu haliwaki na tofali lenye jivu jingi huzima katikati ya kupika. Mchanga nao uepuke kwa sababu hiyo hiyo.

Twanga kwenye kinu kile kikuukuu, funga kitambaa puani, chekecha. Vipande vikubwa kuliko punje ya mchele virudi kinuni. Maganda ya muhogo au magunzi ya mahindi yaliyochomwa vivyo hivyo yanaweza kuchanganywa hapa, kwani ni mepesi mno kupikiwa yenyewe lakini katika tofali yanakaa.

Kwa kilo 10 za vumbi, chukua unga wa muhogo gramu 700. Uvuruge kwanza kwa lita 1 ya maji baridi usipate madonge, kisha umimine kwenye lita 4 za maji yanayochemka huku unakoroga. Ukiiva hugeuka kama gundi, unapitisha mwanga. Uji mbichi mweupe haushiki kitu, na hapa ndipo wengi wanaposema muhogo wao ni mbaya.

Mimina uji ungali moto juu ya vumbi, kanda kwa mwiko kisha kwa mikono yenye glavu. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Finya donge kiganjani: likishika umbo na maji yasipite kati ya vidole, basi. Likichuruzika, ongeza vumbi.

Shindilia kwenye kipande cha bomba, sukuma kwa mti, kata vipande vyenye urefu wa sentimita 5. Toboa tundu katikati kwa kijiti ili hewa ipite likiwaka. Siku ya kwanza anika kivulini. Jua kali hukausha nje kabla ya ndani na tofali linapasuka. Siku tatu hadi tano zinazofuata, juani, ukiyageuza.

Tofali lililokauka likiangushwa kutoka usawa wa kiuno halisambaratiki. Likimomonyoka, uji ulikuwa mwepesi au mbichi. Likiwa gumu lakini linafuka na kunuka kama mkate ulioungua, unga umezidi.

## Hatua ya 9: Kuwasha na kupikia

Washia seredani nje, kwa usumba kidogo chini na vipande vidogo juu. Usishindilie, mkaa wa kifuu ni mzito kuliko wa mti na unahitaji nafasi kati ya kipande na kipande. Unachelewa kushika, dakika chache zaidi ya mkaa uliouzoea, na hapo watu hukata tamaa wakamwagia mafuta ya taa. Pepea tu. Ukishapata wekundu na moshi umekwisha, ndipo uingize jikoni, dirisha na mlango vikiwa wazi.

Kwa tofali, anza na vipande vya mkaa wa kifuu, vikiwa vyekundu ongeza tofali mbili tatu juu. Kwa maharage na mbaazi, vyakula vya kukaa motoni, tofali zina faida kubwa kwa sababu joto lake ni la taratibu. Kwa mishikaki na pweza wa kuchoma, kifuu kitupu. Vipande vidogo vyenye umbo la kiganja visitwangwe: viweke kwa ajili ya chetezo cha kufukizia udi. Vinakaa na moto muda mrefu, na vikiwa vimeiva vizuri havitii harufu yake kwenye udi.

Seredani yenye moto isilale chumbani. Naisema hii hasa kwa chumba cha mzazi na mtoto mchanga, ambako madirisha hufungwa kwa ajili ya baridi. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa hewa ya sumu, haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Ukiziona dalili hizo, mtoe nje kwenye hewa, kisha mpeleke hospitali upesi.

## Ukikwama

Mkaa unarusha cheche. Kuna vipande visivyoiva au vyenye unyevu. Anika polo zima siku moja, na mara nyingine usizibe mpaka pauro litoke kavu.

Upande mmoja jivu, upande mmoja mbichi. Ni upepo. Simika bati upande unaotoka upepo, hatua mbili kutoka pipani, au anza mapema zaidi.

Juu pameiva, chini vifuu vya kahawia. Matundu yalizibwa na jivu la usumba. Safisha vifuu zaidi, na kila baada ya tabaka mbili pitisha kijiti kirefu kwenye matundu kutoka chini.

Pipa lilipoa lakini ndani mna nusu ya ulichotia. Nusu ya ujazo ni kawaida, vifuu hunyauka. Angalia uzito.

## Kuhifadhi

Polo za mkaa zikae juu ya mbao au matofali, zisiguse sakafu wala ukuta, chini ya paa lisilovuja. Hewa yetu ina unyevu, na mkaa huunywa. Kabla ya masika weka ndani zaidi kuliko unavyodhani utahitaji, maana miezi hiyo hutachoma.

Jivu la pipani lipeleke kwenye migomba, lakini liache lipoe siku mbili.

Pipa lenyewe lipindue, lilale chini ya paa. Moto na hewa ya chumvi vinalila haraka. Kila unapotaka kuchoma, liweke juani, ingiza kichwa ulitazame kutoka ndani. Ukiona nyota za mwanga ubavuni, kandika udongo mwekundu kwa nje kila tundu na uache ukauke. Nyota zikizidi tano sita, tafuta pipa jingine, na hili la zamani likate uchukue bati lake la kukinga upepo.